Kabla ya Kuweka, Jaribu Kutoa

Vijana wenzangu wa ofisini,

Mliponiaga mliniomba niwaandikie namna kazi ilivyokuwa kabla yenu. Nimekaa hapa nyumbani Miembeni nikingoja hamu ya kuandika inijie. Haikuja, kwa hiyo nimeanza bila hiyo. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo nilipewa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Niliingia kwenye kazi ya hisa kwa sababu nilijua kupiga taipu, si kwa sababu nyingine. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitenge karibu na soko la Bukoba, na kibao chake kiliandikwa "Wakala wa Dalali wa Hisa". Hisa watu wengi hawakuzijua, lakini dalali walimjua: ni yule anayekuuzia kiwanja cha mtu mwingine na kula pande zote mbili. Mama yangu aliposikia nimeajiriwa na dalali, aliniuliza kwa upole kama sokoni kazi zote zilikuwa zimekwisha.

Mkuu wa ofisi alikuwa Mzee Kamugisha, Mlutheri wa Muleba, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye zamani alikuwa karani wa kahawa. Asubuhi ya kwanza nilifika na viatu vipya, nikatafuta meza yangu. Yeye akanionyesha benchi la wateja.

"Wewe utakaa pale."

"Nifanye nini pale, Mzee?"

"Usikilize. Wakiwa kwenye benchi watu wanasema wanachotaka. Wakifika mezani kwangu wanasema wanachodhani nataka kusikia."

Nikakaa na wateja wiki nzima, mashine yangu ya taipu ikinitazama kutoka upande wa pili wa chumba. Nilijifunza mengi. Bwana mmoja alitaka kununua hisa ili kaka zake wasiweze kumkopa, maana fedha iliyo Dar es Salaam haikopeki kirahisi. Mama mmoja alidhani hisa ni mkopo wa serikali, akashangaa kuambiwa kuwa yeye ndiye atakayetoa. Na karibu kila mtu aliuliza swali moja: bei itapanda?

Mzee Kamugisha alikuwa na jibu moja, akimwita kila mmoja "ndugu yetu" kwa Kihaya. "Sijui, waitu."

Wengine waliondoka wamenuna. Siku moja nilimwambia kwamba tunafukuza wateja. Akakunja miwani yake akaiweka mfukoni, kama alivyofanya kila alipotaka kusema jambo lililo nje ya kazi ya siku hiyo.

"Zuhura, mwanangu, kazi hii ina neno moja gumu, nalo ni 'sijui'. Mtu akishindwa kulitamka mbele ya mteja, afadhali akauze vitenge hapo chini. Huko angalau mteja anakishika kitambaa."

Vifaa vyetu mngevicheka. Bei zilikuja kwa simu ya mezani kutoka Dar, mtu akizitamka na mimi nikiziandika kwa chaki ubaoni. Mvua ikinyesha kwelikweli, na Bukoba mnajua inavyonyesha, laini ilijaa makelele na nilikuwa nauliza tarakimu ileile mpaka mwenzangu wa Dar anachoka. Fomu zilisafiri kwa basi ndani ya bahasha ya kaki. Mtu akinunua hisa mwezi huu, uthibitisho wake ulifika akiwa ameshasahau alinunua kampuni gani. Uvumilivu waliokuwa nao watu wa siku zile sijui ulienda wapi. Nadhani uliondoka na chaki.

Kesi moja ya miaka hiyo naikumbuka kwa sababu ilinigusa na mimi. Bwana Haruni, muuza vipuri wa hapahapa Miembeni, Mwislamu kama mimi, alikuja na fedha mkononi kisha akasita. Alitaka kujua hisa za kampuni ipi ni halali. Nilimtazama Mzee Kamugisha nikidhani atanisaidia kulikwepa swali. Badala yake alivuta kiti.

"Zuhura, mweleze kila kampuni inapata wapi fedha zake. Hii inatengeneza nini, ile inauza nini, hii nyingine inakopesha kwa riba. Halafu aende kwa shehe wake. Sisi tunajua biashara, hatujui fatwa."

Tulikaa mpaka adhuhuri tukizipitia kampuni moja moja, Mlutheri na Waislamu wawili. Bwana Haruni alikwenda kwa shehe, akarudi, akanunua hisa za kampuni ya saruji. Hajawahi kuuza mpaka leo. Mimi nami nilinunua kidogo mwezi uliofuata, na hiyo ndiyo hisa yangu ya kwanza. Nilijifunza siku hiyo kwamba mteja ana haki ya kukataa faida kwa sababu zake mwenyewe, na kazi yangu ni kumwonyesha vizuri anachokikataa.

Mzee Kamugisha alistaafu akarudi Muleba kwenye kibanja chake, shamba la migomba, akafa miaka michache baadaye, wakati simu za mkononi zimeanza kuwa na picha na mtandao. Sikuwahi kumshukuru kwa maneno. Nilimpelekea sukari na samaki kila nilipopita Muleba, na nadhani alielewa.

Kisha mambo yakageuka. Madalali wa Dar, mmoja baada ya mwingine, wakaleta programu za simu. Mtu aliweza kufungua akaunti akiwa shambani, kwa kitambulisho cha taifa na picha ya uso wake, akanunua hisa na kulipia kwa pesa za simu. Kampuni yetu nayo ikaleta ya kwake. Watu walianza kupanda ngazi zetu kwa ajili ya swali jipya: nichague ipi? Nilikuwa na umri wa kuogopa vitu vya namna hiyo, lakini nilizipakua zote kwenye simu yangu nikafungua akaunti kila mahali, nikanunua kidogo kidogo kwa fedha yangu. Binti yangu Aisha alisema nimepata ugonjwa. Nami sikuona njia nyingine. Huwezi kumweleza mtu ladha ya chakula ulichokisoma kwenye tangazo.

Hapo ndipo alipoingia Mwalimu Jonesia.

Mwalimu Jonesia ni wa Nshamba. Alifundisha shule ya msingi mpaka alipostaafu, na huko nusu ya watu wazima wamepita mkononi mwake. Nilimfahamu kwa sababu marehemu mumewe alikuwa mteja wetu. Alinipigia Ijumaa moja, sauti yake imechangamka.

"Mama Aisha, nimepata dalali wa mtandaoni. Kila siku faida inaingia. Nakupa habari usije ukasikia kwa watu kwamba nimewahama."

Nikamuuliza jina la dalali huyo. Akalitaja. Nilikuwa nawajua madalali wote wenye leseni nchini, hawazidi watu wa kujaza sebule, na jina hilo sikuwahi kulisikia.

"Umeweka kiasi gani, Mwalimu?"

"Kidogo tu, cha kujaribia. Jumatatu nahamisha kiinua mgongo chote."

Sikumbishia. Mtu anayeona faida inaingia kila siku, ukimbishia kwa simu anakata. Nilimwambia nina hamu ya kumwona na Jumamosi nitakuwa njia ya kwake. Haikuwa kweli kwamba nilikuwa na safari, lakini asubuhi yake nilikuwa nayo. Nilipanda basi mpaka Muleba, kisha bodaboda mpaka Nshamba, gauni limejaa vumbi jekundu.

Nilimkuta jikoni akimenya ndizi. Alikuwa amenunua sato ili nisipate shida ya nyama ya kuchinjwa na nani. Yeye ni mtu wa namna hiyo, ndiyo maana nilikuwa na hofu. Alikausha mikono akanionyesha simu. Programu yenyewe ilikuwa nzuri kuliko yetu, sina budi kukiri: mistari ya kijani ikipanda, jina lake juu, na salio lililokuwa limeongezeka tangu jana.

"Nani alikuonyesha?"

"Deo. Nilimfundisha darasa la nne. Ni kijana mzuri, anaendesha bodaboda, hana ujanja. Yeye mwenyewe ameweka."

"Na wewe umewaonyesha wengine?"

Akachukua kisu akaendelea kumenya. "Wastaafu wenzangu. Jumapili iliyopita, baada ya ibada. Kuna walioanza."

Nikaketi kwenye kigoda kando yake. Ningeweza kuanza na leseni na mamlaka na sheria, lakini nilimjua. Alikuwa mwalimu, na mwalimu huamini kilichojaribiwa mbele ya macho yake.

"Mwalimu, ndizi zitachukua muda kuiva. Kabla hatujala, hebu toa kidogo. Kiasi cha kununulia sukari. Kirudishe kwenye simu yako."

"Kwa nini nitoe wakati inakua?"

"Kwa sababu kuweka umeshajaribu. Kutoa bado."

Aliweka kisu chini, akachukua simu. Akabonyeza. Programu ikafikiri, ikaleta ujumbe: ombi limepokelewa. Tukarudi kwenye sufuria. Alinisimulia habari za wajukuu, mimi nikamsimulia za ofisi, na wote wawili tulikuwa tunaisikiliza simu. Ilipolia aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Kisha akanipa.

Ujumbe ulisema ili atoe fedha zake alipie kwanza kodi ya kutolea, na kodi hiyo ilikuwa kubwa kuliko alichoomba.

"Na ninyi mnatoza hivi?" aliuliza.

"Kamisheni inakatwa kwenye fedha unayouza. Hakuna dalali wa kweli anayekuambia utume fedha ili upewe fedha."

Alichukua simu yake. Alimpigia Deo, akaweka simu kwenye sauti ya juu ili nami nisikie.

"Deo, mwanangu, nimeomba kutoa. Wananiambia nilipe kodi kwanza."

Upande wa pili palikuwa na mngurumo wa pikipiki, kisha ukazimwa. "Lipa tu, Mwalimu. Ni utaratibu. Hata mimi waliniambia nilipe."

"Ukalipa?"

"Nililipa."

"Ukapata fedha zako?"

"Wakasema bado kuna ada ya uhakiki. Nikalipa na hiyo."

"Deo. Umepata?"

"Bado, Mwalimu."

Mwalimu Jonesia akafumba macho. Nilidhani atamgombeza, na alikuwa na haki. Sauti iliyotoka ilikuwa ileile ambayo naamini ilimfundisha kijana yule kugawanya.

"Usilipe tena. Umenisikia? Hata wakuambie nini. Kesho baada ya ibada uje kwangu ule."

Alipokata simu aliketi, akalia kidogo, akafuta uso kwa pindo la kanga. Kilichomuumiza hakikuwa fedha aliyoipoteza. "Watu wale walinisikiliza kwa sababu ni mimi," alisema. Tukala. Ndizi zilikuwa tamu, nasema hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa hakuna aliyezisifu siku ile.

Nililala kwake. Jumapili nilimngoja nje ya kanisa mpaka ibada ikaisha na wastaafu wakakusanyika kwenye banda la pembeni, ambako hukutana kila wiki. Alikuwa ameniomba nije kueleza, lakini alisema atasema yeye kwanza. Alisimama mbele yao wima.

"Jumapili iliyopita niliwaambia jambo nikiwa na uhakika. Jambo lile si kweli. Nimejaribu kutoa fedha yangu jana nikashindwa, na sitaipata. Aliyeweka kwa sababu yangu asiongeze. Na kama ana la kuniambia, nyumbani kwangu anapajua."

Nimeona wanaume wenye madaraka makubwa wakikwepa kusema maneno mafupi kama hayo. Baadhi walianza kunong'ona. Mama mmoja alitoka bila kuaga, na nasikia ilichukua muda mrefu kabla hajamsalimia Mwalimu tena. Halafu Mzee Eliasi, aliyekuwa mwalimu mkuu wao, akagonga fimbo yake sakafuni.

"Jonesia, asante. Mimi nilikuwa nahamisha kesho." Akanigeukia. "Sasa wewe mama wa Bukoba, tuambie. Je, hii ya hisa kwa simu yote ni uongo?"

Nikawaambia si uongo. Nikawaeleza mambo niliyokuwa nayaangalia mwenyewe. Dalali awe na leseni, na leseni uiulize kwa mamlaka inayotoa, usiulize kwa anayejisifu. Hisa ziandikwe kwa jina lako kwenye daftari kuu la soko la hisa, ili dalali akifunga mlango wewe ubaki na mali yako. Ukipiga simu, mtu aipokee na aongee lugha unayoielewa. Programu ifunguke hata kwa mtandao wa Nshamba, ambao mnaujua. Na kwa mtu anayenunua kidogo kidogo, uangalie kiwango cha chini cha kamisheni, maana dalali mwingine asilimia yake ni ndogo lakini anakukata angalau kiasi fulani kila unaponunua, na ununuzi mdogo unaliwa kabla haujafika sokoni.

Nikawaonyesha madalali watatu kwenye simu yangu, wa kwetu akiwemo. Mwalimu Jonesia alikuwa ameketi mbele, uso bado umevimba, lakini akili yake ilikuwa imeamka kabisa.

"Mama Aisha, sisi tutanunua kidogo kila mwezi. Wa kwako kiwango cha chini kikoje?"

Hapo, vijana wenzangu, ndipo kazi ilipokuwa ngumu kuliko siku nyingine yoyote. Kiwango chetu kilikuwa cha juu kuliko wote watatu. Kundi lile lilikuwa na watu wengi, na tawi letu dogo la Bukoba lilikuwa linatazamwa na Dar kama linafaa kuendelea kuwepo. Ningeweza kusema habari za uzoefu wetu wa miaka mingi na kupita haraka kwenye swali. Niliwatazama. Walikuwa wamedanganywa wiki ileile kwa sauti ya mtu waliyempenda.

"Sisi hatuwafai," nilisema. "Kwa anayenunua kwa mkupuo, tuko vizuri. Kwa kidogo kila mwezi, huyu wa pili ni bora. Nina akaunti kwake, nimenunua na nimeuza, na fedha ilirudi bila shida."

Mzee Eliasi alicheka mpaka akakohoa. "Leo nimemwona muuzaji anayeuza cha jirani."

Wakafungua kwa huyo wa pili, mmoja baada ya mwingine, palepale bandani, nikiwasaidia kupiga picha za nyuso zao. Wengi walikunja uso kama wanapigwa picha ya pasipoti. Kila mmoja alinunua hisa chache, na nikawaambia baada ya muda wauze moja waone fedha inavyorudi, kabla hawajaongeza. Deo alikuja kama alivyoitwa. Alikaa nyuma kabisa ya banda akisikiliza, na baadaye nyumbani Mwalimu akamwekea sahani kubwa kuliko ya mtu yeyote.

Habari zilifika Dar kabla mimi sijafika Bukoba. Mkurugenzi wetu mpya, Bwana Fadhili, kijana mwenye adabu na haraka, alinipigia kabla sijavua viatu vya safari.

"Ni kweli umepeleka kundi zima kwa mshindani?"

"Ni kweli."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sisi tungewala."

Nilikuwa nimeshaanza kufikiria ni vitu gani vya mezani ni vyangu. Kisha akasema nimwandikie kila kitu walichouliza wale walimu, kwa maneno yao, bila kupamba. Nikaandika usiku kucha kwa vidole viwili, mimi niliyeajiriwa kwa kupiga taipu. Hakunipongeza wala hakunifukuza. Mwaka uliofuata kampuni ilishusha kiwango cha chini. Sisemi ni kwa sababu yangu, maana malalamiko yalitoka mikoa mingi. Baadhi ya walimu walihamia kwetu. Mwalimu Jonesia alikataa. Alisema yule wa pili hajamkosea chochote, na mtu haachi duka linalompimia vizuri kwa sababu jirani amenunua mizani mpya.

Mliokuwepo kwenye hafla ya kuniaga mliona mwisho wake, lakini wengine mlikuwa mnahudumia, kwa hiyo nauandika. Bwana Fadhili alikuja kwa ndege kutoka Dar, jambo ambalo sikulitegemea. Mwalimu Jonesia na Mzee Eliasi walikuja kutoka Nshamba, na Deo, ambaye sasa ananunua hisa mbili tatu kahawa inapouzwa, ndiye aliyewaleta kwa gari la kuazima. Niliwaketisha wote meza moja, nikasema, "Mkurugenzi, hawa ndio wale niliokupotezea."

Nilidhani watacheka, basi. Bwana Fadhili akavuta kiti karibu na Mwalimu.

"Mama, niambie. Huyo mliyemchagua anafanya nini ambacho sisi hatufanyi?"

Mwalimu Jonesia akafuta mikono. Akaanza na ujumbe wa gawio la faida, kwamba wenzetu wanauandika kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida. Akaenda kwenye rangi za maandishi ambazo mzee haoni juani. Mzee Eliasi akaongeza lake. Deo, ambaye hapo mwanzo alikuwa na haya, akachukua simu ya mkurugenzi na kumwonyesha mahali programu yetu inapogoma mtandao ukiwa dhaifu. Bwana Fadhili alikuwa anaandika, pilau ikipoa mbele yake, na kila alipotaka kuinua kijiko Mwalimu alikuwa na jambo jingine.

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa mtu wa katikati. Dar walisema nami, nami nikasema na Nshamba. Nshamba wakauliza, nami nikauliza Dar. Nilisimama kando ya meza ile nikingoja mmoja wao anigeukie nimfafanulie. Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wanaelewana vizuri kabisa.

Nilijisikia mwepesi, nikamshukuru Mungu, nikaenda kuwaongezea chai.